Jinsi ya Kumenyuka: Mwongozo kwa Molekuli Yenye Haraka

Ndugu molekuli, karibu chomboni. Umemwagwa humu pamoja na wenzako, umeanza kupiga kuta na kupigwa vikumbo, na unataka kumenyuka. Ni haja ya haki, maana hakuna njia nyingine ya wewe kugeuka kuwa kitu kipya. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Wanafunzi wa kidato cha nne na walimu wao wanaruhusiwa kuchungulia, na ningependa wachungulie sana, kwa sababu habari zako husimuliwa nusunusu madarasani, na nusu inayoachwa ndiyo yenye uhondo.

Anza kwa kujua kimo chako. Kama umetoka hewani, basi yaelekea wewe ni nitrojeni, kwa kuwa nitrojeni ni asilimia 78 ya hewa yote. Kipenyo chako ni kama nanomita 0.37. Mkijipanga bega kwa bega kuanzia mstari mmoja wa rula hadi mstari wa milimita unaofuata, mtahitajika milioni 2.7. Jirani yako haidrojeni ana nanomita 0.29 hivi, heliamu 0.26, na methani 0.38. Kwa hiyo katika gesi hizi za kawaida hakuna jitu wala mbilikimo: mkubwa hamzidi mdogo hata mara mbili.

Aliyekuwa wa kwanza kukukadiria kimo kwa hesabu inayoeleweka alikuwa mwalimu wa shule. Josef Loschmidt alikuwa akifundisha Vienna alipotoa hesabu yake mwaka 1865. Alichukua umbali ambao molekuli ya gesi husafiri kabla ya kugonga nyingine, akaulinganisha na jinsi gesi inavyosinyaa ikigeuka kimiminika, na humo akapata kipenyo cha molekuli za hewa: kasoro kidogo nanomita moja. Ni mara mbili na nusu hivi ya kipimo tunachokubali leo. Kwa mtu aliyekuwa akipima kitu kisichoonekana kwa darubini yoyote ya zama zake, hilo ni shabaha kali, na kila mwalimu wa sayansi angepaswa kulijua jina lake.

Sasa kimbia. Huna haja ya kujifunza, tayari unakimbia. Katika nyuzi 25 za Selsiasi mwendo wako wa wastani, nitrojeni, ni mita 475 kwa sekunde, yaani zaidi ya viwanja vinne vya mpira wa miguu kila sekunde. Haidrojeni, kwa wepesi wake, anakwenda karibu mita 1,770. Ila usijisifu kwamba utafika mbali. Mwaka 1858 Mholanzi Buys Ballot aliwauliza wanafizikia swali la kuwaumbua: kama gesi zinakimbia kiasi hicho, mbona moshi wa tumbaku unaning'inia chumbani muda mrefu? Mwenyeji wa Zanzibar angeuliza hilohilo kuhusu udi. Jibu lilitoka kwa Rudolf Clausius mwaka huohuo. Molekuli hukimbia kweli, lakini haziendi popote, kwa sababu kila hatua zinagongana na kubadilishwa njia. Katika hewa ya kawaida unasafiri takriban nanomita 70 tu, kisha pu! Unageuzwa, unaanza upya. Nanomita 70 ni kama mara 190 ya kipenyo chako mwenyewe.

Hapo ndipo kimo chako kinapoingia kazini. Nadharia inakuchukua kama gololi ngumu, na gololi mbili zenye kipenyo kimoja hugusana pale vitovu vyake vinapokaribiana kwa umbali wa kipenyo kizima. Kwa hiyo shabaha unayoibeba mbele yako si duara la upana wako. Ni duara ambalo nusu-kipenyo chake ni kipenyo chako kizima, na eneo lake ni mara nne ya kivuli chako. Kwa nitrojeni linatoka kama nanomita za mraba 0.43. Ukiongezwa kipenyo mara mbili, shabaha inakua mara nne na safari yako kati ya mgongano mmoja na mwingine inakatika hadi robo. Huo ndio urithi wako wote kutoka kwenye kimo: kinaamua utagongana mara ngapi.

Nayo hesabu ya "mara ngapi" ni ya kutisha. Katika hewa ya kawaida unagongana karibu mara bilioni 7 kwa sekunde. Ndani ya sentimita moja ya ujazo wa hewa hiyo, migongano yote kwa sekunde moja inakaribia tarakimu 1 yenye sifuri 29 nyuma yake. Nakuomba uishike namba hiyo, kwa maana ndiyo inayoharibu maelezo mepesi tuliyozoeshwa. Tunaambiwa: molekuli zikigongana, zinamenyuka. Kama ingekuwa hivyo, nitrojeni na oksijeni ya hewa zingekuwa zimemalizana zamani za kale, na sisi tusingekuwepo. Zinagongana puani mwako sasa hivi, mabilioni kwa mabilioni, na hazifanyiani lolote. Mpaka radi ipige. Katika joto la radi, na ndani ya injini ya gari, ndipo nitrojeni na oksijeni zinapokubali kuungana na kutoa oksidi ya nitrojeni.

Kwa hiyo, ndugu, kanuni ya kwanza ya mwongozo huu: usitafute mgongano. Migongano unayo tele, tafuta nguvu.

Kuna mmenyuko mmoja ambao wanakemia wameutumia kupima jambo hili kwa zaidi ya karne, nao ni kuvunjika kwa haidrojeni iodidi. Molekuli mbili za HI hukutana, zikatoka haidrojeni moja na iodini moja. Kidole kimoja hakivunji chawa: hapa lazima muwe wawili. Max Bodenstein alikuwa kijana Heidelberg katika miaka ya 1890 alipoifungia gesi hiyo ndani ya vibuyu vya kioo, akaviziba kwa moto, akavipasha katika halijoto alizochagua, kisha akavifungua na kupima kilichobaki na kilichogeuka. Kazi ya subira. Vipimo vyake vilikuwa safi kiasi kwamba watu walivitumia miongo kadhaa baadaye.

Mmoja wa waliovitumia ni William Lewis wa Liverpool. Mwaka 1918 aliuliza swali la moja kwa moja: nikichukua kipenyo cha molekuli ya HI, nikahesabu idadi ya migongano, kisha nikabakiza ile tu yenye nguvu ya kutosha, je, nitapata kasi aliyoipima Bodenstein? Akapata, kwa ukaribu uliomridhisha. Asilolijua ni kwamba Max Trautz, Mjerumani, alikuwa ameshatoa hesabu ya namna hiyohiyo mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea, majarida ya upande mmoja hayakufika upande wa pili, na watu wawili wakaikamilisha kazi moja bila kujuana. Leo tunaitaja nadharia ya migongano kwa majina yao wote wawili, na ndivyo inavyostahili.

Tazama walichokikuta. Nishati inayotakiwa ili HI mbili zivunjane ni kama kilojuli 184 kwa moli. Katika nyuzi 283 za Selsiasi, sehemu ya migongano yenye nguvu hiyo ni mmoja kati ya migongano ambayo idadi yake ni tarakimu 2 yenye sifuri 17. Ukiwa HI katika chombo hicho kwenye kanieneo ya kawaida, unagongana mara bilioni kadhaa kwa sekunde, na bado zamu yako inakuja baada ya miaka. Chombo kizima kinaonekana kinamenyuka kwa sababu mko wengi mno, na kila sekunde kuna wachache wanaobahatika.

Kwa nini nguvu ina maana kuliko wingi wa migongano? Kwa sababu HI haivunjiki kwa kuguswa. Vifungo vya zamani lazima vinyooshwe, mawingu ya elektroni yanayosukumana lazima yashindiliwe pamoja, na vifungo vipya vianze kushika kabla vya zamani havijaachia kabisa. Hayo yote yanagharimu nishati, na malipo yanatoka kwenye mwendo mnaokuja nao. Mkigongana pole, mnarudishana kama mlivyokuja. Mkiparuzana ubavuni, hata kwa kasi kubwa, ni sehemu ndogo tu ya kasi hiyo inayoelekea kwenye mstari wa kuwakutanisha, na sehemu hiyo ndiyo peke yake inayohesabiwa.

Hapa niwageukie wanaochungulia, kwa sababu kosa kubwa la madarasani liko hapahapa.

Kila mwanafunzi wa kemia wa sekondari analijua zoezi la sodiamu thiosalfeti na asidi ya haidrokloriki. Unachora alama ya X kwenye karatasi, unaweka chupa yenye thiosalfeti juu yake, unamimina asidi na kubonyeza saa. Kwa sekunde kadhaa hakuna kitu, maji yanabaki kama maji. Halafu wekundu wala weusi haupo, ni ukungu tu wa rangi ya maziwa unaoanza katikati, unakuwa na manjano hafifu, salfa inazidi kutengana, na miguu ya X inaanza kupotea mmoja mmoja. Harufu kali ya dioksidi ya salfa inakukaba koo ukiinama sana. X ikitoweka, unasimamisha saa. Unarudia kwa nyuzi 30, 40, 50, 60, na muda unakatika kila mara kwa namna inayomshangaza hata aliyeshalifanya jaribio hilo mwaka jana.

Kisha mwalimu anauliza: kwa nini joto limeharakisha? Na darasa zima linajibu kwa sauti moja: kwa sababu chembe zinakwenda mbio zaidi na zinagongana mara nyingi zaidi.

Jibu hilo lina ukweli kidogo mno. Chukua gesi katika nyuzi 25 uipandishe hadi 35, bila kubadilisha ujazo. Mwendo wa molekuli hukua kwa kipeuo cha pili cha halijoto ya kelvini, na kelvini zimetoka 298 hadi 308. Migongano inaongezeka kwa asilimia 1.7. Asilimia 1.7 tu! Lakini mmenyuko wa kawaida, wenye nishati ya kuanzia ya kilojuli 50 kwa moli, unakaribia kwenda mara mbili ya kasi yake. Asilimia 1.7 haiwezi kuzaa asilimia mia. Kinachozaa ni kitu kingine: katika nyuzi 25, migongano yenye nguvu ya kutosha ilikuwa karibu 1.7 kati ya kila bilioni. Katika nyuzi 35 imefika 3.3 kati ya bilioni. Molekuli nyingi hazijabadilika sana, ila lile kundi dogo la wenye kasi ya ajabu, walio mwisho kabisa wa mstari, limeongezeka karibu mara mbili. Ndilo linalofanya kazi.

Svante Arrhenius alilielewa hilo mwaka 1889, akitazama jinsi asidi inavyoivunja sukari ya miwa, na jinsi joto linavyoharakisha kazi hiyo kupita kiasi. Aliona kwamba ongezeko la mwendo wa molekuli haliwezi kabisa kulieleza jambo, akasema lazima kuna molekuli chache zilizo tayari, na joto linaongeza idadi ya hizo chache. Mlinganyo wake bado uko katika kila kitabu cha kemia cha kidato cha tano na sita. Inaniuma kuona wanafunzi wanaukariri na kuingiza namba ndani yake kwa ustadi, kisha swali la maelezo likija wanarudi kwenye "zinagongana mara nyingi" kana kwamba mlinganyo hausemi kitu.

Kwa haki, kuna mahali ambapo wingi wa migongano ndio jibu lenyewe. Ukiongeza ukolezi mara mbili, au ukiikandamiza gesi ikae katika nusu ya ujazo bila kuipasha, kila molekuli inapata majirani mara mbili na migongano yake inakwenda mara mbili, ilhali sehemu yenye nguvu haibadiliki. Hapo sema "zinagongana mara nyingi zaidi" bila wasiwasi. Ukolezi unaongeza migongano, joto linaongeza migongano yenye nguvu. Mwanafunzi anayezitenganisha hizo mbili ameshaielewa nadharia nzima.

Nirudi kwako, molekuli. Umepata nguvu. Bado hujafika, kwa sababu kuna suala la mkao.

Gololi haina mbele wala nyuma, wewe unayo. Nitrosili kloridi, NOCl, ikikutana na mwenzake ili zitoe klorini, inafaa upande wa klorini wa huyu uelekee upande wa klorini wa yule. Wakigongana kwa migongo, nguvu yote inapotea bure. Wanakemia huweka herufi P kwenye hesabu ili kuonyesha ni sehemu gani ya migongano yenye nguvu ambayo ina mkao unaofaa. Kwa NOCl ni 0.16, yaani mmoja kati ya sita hivi. Si mbaya. Kwa haidrojeni inayotaka kujiunga na ethilini moja kwa moja, P inaporomoka hadi 0.0000017: kati ya migongano kama 600,000 yenye nguvu ya kutosha, mmoja tu ndio umekaa sawasawa. Ndiyo maana viwandani kazi hiyo haiachiwi bahati, inafanywa juu ya metali kama nikeli.

Na hapa kimo kinaweza kukugeuka. Christopher Ingold na Edward Hughes, walipokuwa London katika miaka ya 1930, walichambua mmenyuko ambao ioni inaingia kwenye kaboni kwa nyuma huku bromini ikitoka kwa mbele. Kaboni hiyo ikizungukwa na haidrojeni ndogo, mlango uko wazi. Ukiweka kundi moja la methili badala ya haidrojeni, kasi inashuka mara makumi. Ukiweka badala yake kundi lililotuna lenye methili tatu, ukapata umbo liitwalo neopentili, mmenyuko unakwenda karibu mara laki moja polepole kuliko wa ethili, yule mwenye methili moja. Molekuli imekua, shabaha yake ya jumla imepanuka, inagongwa zaidi kuliko zamani, na inamenyuka kidogo sana kuliko zamani. Wingi wa mwili umeziba mahali palipotakiwa kuguswa.

Wapo pia waliobarikiwa kinyume chake. Atomu ya potasiamu ikikutana na molekuli ya bromini, kasi ya mmenyuko inazidi hesabu ya gololi: P inatoka 4.8. Yaani zinamenyuka hata zile ambazo hazikugongana! Potasiamu ina elektroni moja iliyolegea sana na bromini ina uchu wa elektroni. Zikiwa bado mbali, kwa umbali unaopita jumla ya nusu-vipenyo vyao, potasiamu inarusha elektroni yake. Papo hapo moja imekuwa ioni chanya na nyingine hasi, na mvutano wa umeme unazikokota hadi zikutane. Mbinu hii wanakemia wanaiita chusa, na wavuvi wa papa wa pwani yetu wataielewa bila kufundishwa: elektroni ndiyo chusa, mvutano ndio kamba. Michael Polanyi ndiye aliyelifafanua jambo hili. Kwangu hili ni somo zuri kuliko yote katika nadharia hii, kwa sababu linaonyesha kwamba "ukubwa" wa molekuli si namba moja iliyoandikwa mahali. Unategemea unakutana na nani na mnataka kufanya nini.

Kama umemwagwa kwenye maji, mambo mengine tena. Humo hukimbii, unajipenyeza. Molekuli za maji zimekuzunguka kila upande, na ukimpata mwenzako mnajikuta mmefungiwa pamoja katika kizimba cha maji, mnagongana mara makumi hata mamia kabla mmoja hajapata upenyo wa kutoka. James Franck na Eugene Rabinowitch walikieleza kizimba hicho mwaka 1934. Kwenye gesi mgongano ni mmoja na kwaheri, kwenye maji mnakutana mara chache lakini kila mkutano una majaribio mengi.

Na sasa jambo linalonifurahisha kila nikilifundisha. Marian Smoluchowski, Mpolandi, alihesabu mwaka 1917, mwaka aliofariki, molekuli mbili zinazojipenyeza majini zitakutana kwa kasi gani. Ukiwa mkubwa, shabaha yako ni pana, kwa hiyo unapatikana kwa urahisi. Lakini ukiwa mkubwa, maji yanakubana zaidi na unasogea polepole. Weka yote mawili katika hesabu, kwa molekuli mbili za umbo la duara zenye ukubwa sawa, na kimo kinajifuta kabisa. Kinabaki joto na mnato wa maji. Katika nyuzi 25, mwenzako akiwa katika ukolezi wa moli moja kwa lita, mtakutana karibu mara bilioni 7 kwa sekunde, uwe mdogo au mkubwa. Hakuna mmenyuko wa kawaida wa molekuli mbili majini unaoweza kuupita mpaka huo kwa mbali, maana hamwezi kumenyuka kabla ya kukutana.

Wapo wanaoukaribia mpaka huo, na mmoja wao yumo mwilini mwa msomaji. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kimeng'enya kinachoitwa kaboniki anhidrasi, chenye atomu moja ya zinki katika shimo lake la kazi. Ni kizito zaidi ya mara 600 kuliko molekuli ya hewa ya ukaa, na shimo hilo ni sehemu ndogo tu ya mwili wake mzima. Hata hivyo, kimoja kinaweza kuichanganya na maji hewa ya ukaa hadi molekuli milioni moja kwa sekunde. Bila yeye, damu isingewahi kuitua mapafuni ile hewa chafu katika muda mfupi inaopita pale.

Ushauri mwingine kwa mwenye haraka ni kumtafuta kichocheo. Rudi kwa HI wetu wa kilojuli 184. Ukimweka juu ya uso wa dhahabu, kizingiti kinashuka hadi kama 105. Juu ya platini, 59. Katika nyuzi zilezile 283, kushuka hadi 105 peke yake kunabadilisha bahati kutoka mmoja kati ya ile namba ya sifuri 17 hadi takriban mmoja kati ya bilioni 7. Kichocheo hakijakuongezea mbio wala kimo. Kimekupa njia nyingine, yenye mlima mfupi, mara nyingi kwa kukushika katika mkao unaofaa na kulegeza vifungo vyako kabla mwenzako hajafika.

Ziko pia nyumba zenye milango ya kipimo. Zeolaiti ya aina ya 3A ina matundu ya nanomita 0.3 hivi. Molekuli ya maji inapita, ya ethanoli haipiti. Ndivyo pombe iliyokwama kwenye asilimia 95 au 96 baada ya kuchemshwa na kutoneshwa inavyokaushwa hadi iwe karibu safi kabisa. Hapo, na pengine hapo tu, kimo kinaamua kila kitu.

Onyo moja kabla sijakuachia. Mmenyuko wa haidrojeni na iodini, ambao ni ule wa HI ukirudi kinyumenyume, ulifundishwa kwa miongo mingi kuwa mfano kamili wa molekuli mbili zinazogongana na kubadilishana wenza kwa pigo moja. Mwaka 1967 John Sullivan alimulika mchanganyiko huo kwa mwanga unaopasua iodini kuwa atomu, na mmenyuko ukaenda kwa namna iliyoonyesha kwamba atomu hizo zinaweza kuwa ndizo zinazofanya kazi. Hesabu ikikubaliana na kipimo, hiyo ni habari njema, lakini haitoshi kuthibitisha kwamba njia uliyoifikiria ndiyo iliyopitwa. Vitabu vinavyoendelea kuchora picha ya zamani bila kulitaja hilo vinamnyima mwanafunzi sehemu nzuri ya hadithi.

Basi nenda, molekuli, zamu yako itafika.

Nanyi walimu mnaochungulia, ombi langu ni dogo. Mkisahihisha swali la joto na kasi ya mmenyuko, mkakuta mwanafunzi ameandika kwamba chembe zinagongana mara nyingi zaidi kisha akaweka nukta, msimpe alama zote. Mrudishieni karatasi na swali moja pembeni: je, ngapi kati ya hizo zina nguvu ya kutosha? Akilijibu hilo, mpeni alama zake.